Usiwatoe wasioandika kwenye grupu, mimi nilijuta

Mkuu uliyeuliza kama uwatoe wanagrupu 150 wasioandika hata "poa" ubaki na kumi wanaochangia: usithubutu. Niko Kibirizi, Kigoma, nina grupu la WhatsApp la dagaa, wavuvi na wanunuzi humo humo.

Mwaka juzi nilikaa usiku mmoja nikatoa mabubu arobaini na kitu. Wiki haijaisha nakutana mwaloni na mama mmoja wa Ujiji, mteja wangu wa magunia. Kaniangalia weee. "Mwanangu, nimekukosea nini?" Nikatamani ziwa linimeze. Kuandika kunamtesa, na simu muda mwingi anayo mjukuu. Kumbe bei ninayoitupia alfajiri anasomewa, kisha anapiga simu ya kawaida au anatuma mtu na hela.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliliandika hili tangu 2006 kuhusu jamii za mtandaoni: kwenye watu 100, 90 wanasoma tu, 9 wanachangia mara mojamoja, 1 ndiye anayebeba sehemu kubwa ya soga. Kwa hesabu hiyo grupu lako halijapishana sana na mengine.

Halafu kila watu na namna yao. Wavuvi wangu hawaandiki, wanatuma sauti, injini inanguruma nyuma, unarudia mara tatu ndiyo uisikie bei. Na wana majira yao. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa, wanabaki nchi kavu, basi grupu ni mpira na utani hadi usiku wa manane. Giza likirudi wote wako ziwani, kimya kama makaburini. Mgeni angesema grupu limekufa, kumbe ndiyo kazi imepamba moto. Wazee, wao ni picha ya waridi na "Asubuhi njema". Wavumilie, kwangu hao ndio hawana madeni. Vijana wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, ni stika tu, akiwa na shida ya kweli anakufuata pembeni.

Ukitaka kujua nani yuko macho, shikilia ujumbe wako, fungua taarifa zake, utaona majina ya waliousoma. Hata aliyezima tiki za bluu, kwenye grupu anaonekana. Mimi siku hizi bei naiandika, halafu naisema kwa sauti, sekunde kumi basi.

Yule mama nilimrudisha siku ileile. Hadi leo hajaandika neno. Juzi kaagiza magunia mawili, sauti ni ya mjukuu, yeye namsikia nyuma akimsahihisha: "Mwambie makavu, siyo yale ya juzi!"