Picha ya babu na baiskeli: After Effects inafaa

Ndugu, umeuliza kama After Effects, programu ya kutengeneza mwendo na madoido ya video, inafaa kuipa uhai picha ya mnato, hiyo ya babu yako na baiskeli, au ni ya video tu. Inafaa sana. Ila kazi kubwa inaanzia Photoshop, programu ya kuhariri picha: mtenge babu na baiskeli yake kwenye leya (tabaka) yao, kisha uzibe pengo linalobaki nyuma yao. Hapo usiwe na haraka kabisa. Ukibakiza hata ukingo wa shati ukutani, kamera ikisogea utaonekana.

Kisha, ndani ya After Effects, ingiza faili la PSD (lile la Photoshop) kama komposisheni, yaani uwanja wa kazi wenye leya zake, ili leya zibaki zimetengana, washa 3D kwa kila leya, sukuma mandharinyuma mbali kwenye mhimili wa Z (ule wa kina, mbele na nyuma), halafu yakuze yajaze fremu tena. Ongeza kamera, isogeze kidogo mno kwa sekunde 5 au 6. Ukizidisha, babu anakuwa bapa kama kadibodi, na inauma kumwona hivyo. Mimi huongeza vumbi jepesi la mwanga, basi.

Ukitaka picha moja badala ya video, simama kwenye fremu uliyoipenda, bonyeza Ctrl+Alt+S (kwenye Windows), chagua pa kuhifadhi, kisha bonyeza Render. Na tafadhali, fanyia kazi kopi, ile halisi usiiguse.