Haidroliki ya Massey Ferguson 135: pampu ichunguzwe mwisho

Fundi anayeanza kazi kwenye karakana ya matrekta hukutana mapema na Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutengenezwa mwaka 1964 na ambalo bado linalima, na malalamiko ya kwanza atakayoyasikia kwa mwenye mali ni kwamba pampu ya haidroliki, inayosukuma oili ya kunyanyulia plau, imekufa. Usiyakubali haraka. Pampu hiyo imezama kwenye oili ileile inayolainisha gia na difu, na huendeshwa na shafti ya PTO, yaani ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye zana zilizofungwa nyuma ya trekta. Kwa hiyo wenzo wa PTO ukiwa huru, au klachi ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, mikono ya kunyanyulia haitapanda hata kama pampu ni mpya.

Ukishahakikisha hayo, vuta kijiti cha kupimia oili. Oili ikipungua, pampu hunyonya hewa, na plau hupanda kwa kusitasita; oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji, mara nyingi kupitia mpira uliopasuka kwenye leva ya gia ya trekta linalolala mvuani. Kuna madereva wanaoongeza oili yoyote iliyobaki stoo, tabia ambayo binafsi siivumilii.

Kazi yenye kuhitaji macho zaidi ni ya trekta linalonyanyua vizuri, kisha plau likashuka lenyewe injini ikizimwa. Punguza oili hadi iwe chini ya tundu la pembeni, fungua kifuniko chenye kijiti, nyanyua mzigo, zima injini na umulike ndani kwa tochi, huku mtu yeyote asikae karibu na plau wala chini yake. Oili ikidondoka kutoka juu, kwenye silinda, ringi au sili ya pistoni imechoka. Ikitoka kwenye maungio ya bomba linalopanda kutoka kwenye pampu, tazamia oringi (pete ya mpira ya kuzibia) iliyokatika. Kote kukiwa kukavu, ndipo uishuku valvu ya pampu. Usipapase panapovuja kwa kidole, kwani oili yenye shinikizo hutoboa ngozi.

Kuitoa pampu kunahitaji kumwaga oili yote, kunyanyua kifuniko kizima cha juu na kuchomoa shafti ya PTO, hivyo mweleze mwenye trekta mapema kwamba atanunua oili inayofikia lita 30 au zaidi. Na ukishaifikia pampu, safisha chujio lake kwanza kabla ya kuagiza kipuri chochote.