Dripu kwa majeruhi: kwa wadogo zangu mnaoanza zamu za dharura

Majeruhi wa bodaboda akishushwa mlangoni, ngozi ya baridi, mapigo yanakimbia, ndugu wanapaza sauti: "Daktari, muwekeeni maji!" Wekeni. Ila kabla chupa ya pili haijafunguliwa, ulizaneni damu inatokea wapi. Swali hilo nimeona likisahauliwa mara nyingi kuliko dawa yoyote.

Lita moja ya NS (normal saline, maji ya chumvi ya 0.9%) ina milimoli 154 za sodiamu na milimoli 154 za kloridi. Basi. Haina seli nyekundu za kubeba oksijeni wala kitu cha kugandisha damu. Tena sehemu kubwa ya maji hayo huhama kutoka mishipani kwenda kwenye tishu ndani ya saa moja hivi. Presha itapanda, chumba kizima kitapumua, kisha itashuka tena. Wakati huo damu iliyobaki imezimuliwa, mwili umepoa, na donge lililokuwa limeziba jeraha huenda limeng'oka kwa presha mliyoipandisha wenyewe. Baridi, asidi na damu kushindwa kuganda: hayo matatu huvutana, na maji mengi huyachochea yote.

Ndiyo maana mafunzo ya ATLS (Advanced Trauma Life Support, ya kuhudumia majeruhi), ambayo kwa miaka mingi yalianza na lita 2 kwa mtu mzima, mwaka 2018 yalishuka hadi lita 1, ikihesabiwa pamoja na alichopewa njiani. Huko Houston, Marekani, utafiti uliochapishwa 1994 ulionyesha kwamba waliochomwa kisu au kupigwa risasi kiwiliwilini walipona zaidi pale maji yalipocheleweshwa hadi chumba cha upasuaji. Kwa majeruhi wa namna hiyo, presha ya 80 hadi 90 kwenye namba ya juu ya kipimo inatosha kwa muda mfupi, ilimradi anaitika akiitwa.

Aliyeumia kichwa ni habari nyingine kabisa, na hapa nawasihi muwe wakali. Ubongo uliovimba hauvumilii presha ya chini. Kwa kijana namba ya juu isishuke chini ya 110. Mpeni NS, si RL (Ringer laktati, dripu nyingine ya chumvi), kwa sababu chumvi za RL ni pungufu kidogo kuliko za damu, nayo huongeza uvimbe. Dekstrosi 5% msiiguse kwa kazi hii: sukari ikishatumika, kinachobaki ni maji matupu.

Kwa wengine RL ndiyo chaguo langu la kwanza. Kloridi yake ni kama milimoli 110 kwa lita, kwa hiyo haiongezi asidi kama NS inayomiminwa kwa lita. Ina kalsiamu, nayo hugombana na dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye mfuko wa damu, hivyo visipite laini moja. Ina potasiamu pia, kidogo tu, lakini aliyefukiwa na kifusi misuli ikasagika aanze na NS.

Kanula: fupi na nene. Ya kijivu au ya chungwa, mbili, mikono yote miwili. Ile nyembamba ya bluu haipitishi kitu kwa mtu anayevuja damu, hata chupa iminywe namna gani. Wakati wa kuchoma, chukueni damu hapo hapo ya kupima kundi na kuoanisha. Mkisubiri, mishipa itakuwa imelala. Na chupa ipashwe moto. Friji ya dawa si mahali pake.

Traneksamiki, dawa inayozuia donge la damu kuyeyuka: gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8, ianzwe ndani ya saa 3 tangu ajali. Baada ya hapo huweza kudhuru. Ni dawa ya bei ndogo, nami huumia kuiona kabatini wakati mgonjwa anavuja.

Nyonga ifungwe kwa shuka, paja linyooshwe, jeraha likandamizwe kwa mkono wa mtu, si kwa bandeji iliyolegea. Mpira wa mkojo, na lengo ni mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, ila kwanza hakikisheni hakuna damu kwenye tundu la mkojo.

Mkitoa rufaa, andikeni kwenye karatasi ya juu, kwa herufi kubwa: saa ya ajali, presha ya kwanza, aina ya maji na jumla yake, saa ya traneksamiki, kundi la damu. Anayempokea usiku hana namna nyingine ya kujua kwamba lita ile moja imeshaingia.