Unapoandika draiva ya skrini, iulize chipu yenyewe

Vijana wanaojifunza kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, pamoja nami hapa Lubumbashi karibu wote huanza kwa kupanga majina ya chipu ndani ya draiva, ile programu inayoendesha kifaa: ikiwa ni hii, washa kile; ikiwa ni ile, zima. Nawasihi waiache tabia hiyo mapema. Mashine zetu nyingi ni za mitumba, zimepita Dubai na Dar es Salaam kabla ya kuvuka mpaka wa Kasumbalesa. Jina la chipu linakutajia ukoo tu, halisemi ni nani ndani ya nyumba bado yuko kazini.

Intel, kwa mfano, huzima baadhi ya sehemu kwa fyuzi kiwandani. Draiva ya i915 ya Linux, inayoendesha michoro ya Intel, inalijua hilo. Kuanzia kizazi cha 9 cha michoro, kile cha Skylake ya mwaka 2015, inapoanza kazi husoma rejista, yaani kihifadhi kidogo cha data ndani ya chipu, iitwayo DFSM. Humo kuna biti inayosema kama paipu A imezimwa, nyingine ya B, nyingine ya C, na nyingine kama FBC, yaani mbano wa picha kwenye memori, haipo. Paipu ndiyo njia ya kupeleka picha kwenye skrini. Ukiitegemea iliyozimwa, skrini uliyoipangia haitapata kitu.

Basi swali liulizwe mara moja, mwanzoni, na jibu liwekwe mahali pamoja. Kwingine kote draiva iulize uwezo: HAS_FBC() (je, FBC ipo?), si IS_SKYLAKE() (je, chipu ni Skylake?). Chipu mpya ikitoka, unagusa jedwali moja badala ya kupekua faili zote.

Skrini nayo ina la kusema, ndugu zangu. Kwenye ukumbi mmoja wa Kampemba, projekta ya waya mrefu wa VGA ilikataa kuvuka 1024x768, na draiva ikaanza kulaumiwa. Tuliandika amri ya kuhesabu baiti za EDID, yaani taarifa ambazo skrini hutuma kujitambulisha:

wc -c /sys/class/drm/card0-VGA-1/edid

Jibu: 0. Projekta haikujitambulisha kabisa, na kerneli ikikosa EDID hutoa vipimo vya kawaida visivyozidi hapo. Tulibadilisha waya, picha ikafikia ukubwa wake.

Baiti zikiwepo, usiziamini bado. Kila kipande cha EDID kina baiti 128. Zijumlishe zote, na jumla isipogawanyika kwa 256 bila baki, data hiyo imeharibika.