Kidonda cha shingoni kisichopona: mpime TB

Ndugu, umeuliza kuhusu mgonjwa wako mwenye uvimbe wa shingoni uliopasuka ukatoa usaha miezi mitatu, tena hauumi sana: usiendelee kuupaka dawa ya fangasi. TB hushika tezi za shingo, kisha hutoboa ngozi iliyo juu yake. Angalia kingo za kidonda: huwa na rangi ya zambarau, zimelegea na kuchimbika kwa chini, na kikifunga upande mmoja kinafunguka kwingine. Ipo aina nyingine ya TB ya ngozi, bamba jekundu lenye ukahawia linalotambaa usoni taratibu, hata kwa miaka. Daktari akilibonyeza kwa kipande cha kioo, wekundu hufifia na kubaki vidoa vya rangi ya asali. (Daktari Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kuitibu hiyo kwa mwanga, kabla dawa hazijapatikana!)

Kuthibitisha ni kukata kinyama kidogo cha ngozi au kuvuta majimaji ya tezi kwa sindano, yapimwe maabara. Majibu yakitoka hasi usitulie mapema, maana kwenye ngozi bakteria mara nyingi huwa wachache. Mgonjwa apigwe na picha ya kifua, apime na VVU.

Dawa ni zilezile za TB ya mapafu, kwa kawaida miezi 6: aina nne kwa miezi 2, halafu mbili kwa miezi 4. Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa usishtuke, ni rifampisini, mojawapo ya dawa hizo. Macho yakigeuka njano au kuona kukififia, arudi hospitali siku hiyohiyo.