Mnaoanza kazi na adenosini kainesi, haya nilikuja kuyajua nimeshachelewa

Wadogo zangu, kama umepewa adenosini kainesi (ADK, enzaimu yaani kimeng'enya) kama kazi yako ya kwanza maabara usidhani ni mteremko kisa rieksheni yake inaandikika mstari mmoja. Ni kweli, inachukua adenosini na ATP (molekyuli inayobeba nishati), fosfeti inahama, unabaki na AMP (adenosini yenye fosfeti moja) na ADP (ATP iliyopungukiwa fosfeti moja), basi. Shida iko kwenye viwango, na mimi viwango vilinipotezea karibu miezi mitatu.

Nilikuwa nimezoea vile vimeng'enya ambavyo ukiongeza sabstreti spidi inapanda mpaka inatulia juu, so nikamwaga adenosini mikromola 100 nikijua hapo nimemaliza, enzaimu ikalala. Nikasafisha protini upya, nikabadilisha bafa, nikalaumu friza, nikamlaumu na mwenzangu aliyenitengenezea (nilimwomba radhi baadaye, msinicheke). Kumbe ADK ya binadamu inaidaka adenosini hata ikiwa kidogo sana, Km yake (kiwango cha sabstreti kinachoipa nusu ya spidi yake ya juu) iko chini ya mikromola 1, na ukizidisha mikromola chache tu adenosini hiyohiyo inageuka kuwa kizuizi. Yaani nilikuwa naipalia kwa chakula chake mwenyewe. Muundo wa kristali wa ADK ya binadamu uliotoka 1998 unaonyesha adenosini mbili ndani ya enzaimu moja, moja imekaa mahali pake na nyingine imejipachika pale ATP inapotakiwa kukaa, ningeuangalia ule mapema ningelala usingizi.

Sasa utauliza kwa nini watu wanaendelea kuzidisha. Ni kwa sababu ya kipimo. Wengi tunaanza na ile njia ya kuunganisha, ADP inayotoka inapitishwa kwa piruveti kainesi halafu lakteti dihaidrojinesi, unaangalia NADH, molekyuli inayotumika hapo na inayomeza mwanga, ikishuka kwenye nanomita 340. Piga hesabu kabla hujashika pipeti: NADH mikromola 1 kwenye kiuveti cha sentimita moja inakupa absobansi 0.006 tu, so ukiweka adenosini kidogo inavyotakiwa mashine haioni kitu, ukiongeza ili ione umeshaingia kwenye kujizuia. Ndo maana wazee wa hii kazi wanatumia adenosini yenye tritiamu (haidrojeni ya mionzi) na karatasi ya DEAE, AMP ina chaji hasi inabaki kwenye karatasi, adenosini inaoshwa inaondoka. Inachosha na kuna makaratasi ya mionzi ya kujaza ila namba zake unaziamini. Ukibaki na NADH fanya hivi angalau: kila ukipata kizuizi kipya, weka ADP moja kwa moja bila ADK, uone kama kinachozimika sio zile enzaimu mbili za msaada, maana mimi nilishawahi kushangilia wiki nzima kumbe nimeua lakteti dihaidrojinesi. Na usilinganishe data za bafa ya fosfeti na za Tris kama vile ni kitu kimoja, fosfeti huru yenyewe inaichangamsha ADK, magineziamu nayo inabadilisha mambo.

Kuhusu vizuizi, 5-iodotubasidini ndo utaikuta kila maabara, itumie ila usiiamini sana ndani ya seli kwa sababu inagusa kainesi nyingine pia, ikiwemo haspini. ABT-702 iko makini zaidi, IC50 yake (kiwango kinachozima nusu ya kazi ya enzaimu) ni kama nanomola 1.7. Hapa kuna mtego: kama umeweka enzaimu nanomola 20 kwenye kisima huwezi kupata IC50 chini ya nanomola 10, kwa sababu lazima kwanza ujaze nusu ya enzaimu yenyewe. Hapo unachopima ni enzaimu yako wala sio dawa.

Haya, dawa. Wazo lenyewe ni tamu kwa kweli, adenosini inatuliza neva (kafeini inakuamsha kwa kuziba vipokezi vyake), na tishu iliyoumia inaitoa kwa wingi, so ukizuia ADK unaipandisha zaidi palepale kwenye shida. Kwa kifafa mantiki iko wazi, astrosaiti (seli saidizi za ubongo) zilizovimba baada ya jeraha zinaongeza ADK na adenosini inakuwa haba. Wanyama walipopewa vizuizi degedege lilipungua kweli, lakini kwenye baadhi ya majaribio ubongo ukaonekana una vidoa vya damu iliyovuja. Na ini nalo lina neno. Adenosini isipoondolewa, SAH (S-adenosilihomosisteini) inarundikana, na SAH inakaba metilesheni (upachikaji wa vikundi vya metili kwenye DNA na molekyuli nyingine), panya waliozaliwa bila ADK wanakufa wachanga wakiwa na ini la mafuta, na 2011 wakaripotiwa watu wenye hitilafu ya jini hiyo, ini na ubongo vyote vimeguswa. Ukiongezea kwamba kuna ADK ndefu inayokaa kwenye kiini na fupi inayokaa saitoplazimu, na kazi ya metilesheni ya DNA ni ya ile ya kwenye kiini, utaelewa kwa nini mimi sikubali mtu anaponiambia tu kizuizi chake ni kikali. Kikali wapi? Sehemu amilifu ya zote mbili ni ileile.

Kwa anayetaka njia yenye nafasi zaidi mimi ningemwelekeza kwa vimelea. Kimelea Toxoplasma hakiwezi kujitengenezea pyurini (kundi la molekyuli ambamo adenosini imo), inazoa za mwenyeji, na ADK yake ina shughuli kubwa sana kwenye huo uzoaji. Ila ukiizuia tu inapita njia nyingine, HXGPRT (enzaimu nyingine ya kuzoa pyurini), inaendelea kuishi. Ujanja ni kuitumia hiyo ADK: unakipa kimelea molekyuli ambayo ADK ya kimelea inaipachika fosfeti na kuigeuza sumu humohumo ndani, huku ya binadamu haiigusi, na 6-benzilithaioinosini imeshaonyesha kwamba inawezekana. Ukienda huko pima ADK zote mbili siku moja, bafa moja, na anza na adenosini nusu mikromola.