Panya anabeba virusi, mbona haumwi?

SWALI: Shikamoo dakta. Nina stoo ya korosho na mahindi, panya wamefanya ndiyo kwao. Mwanangu kanionyesha kwenye simu habari za virusi vya hanta: eti panya anaishi navyo hadi anakufa wala haumwi, ila binadamu akivuta vumbi lake anaweza kufa. Kwani panya ana kinga kutushinda? Na hawa wa shambani tunaowala je?
Mama wa Stoo, Newala

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na kitoweo. Moto unaviua virusi hivyo, kwa hiyo panya aliyeiva sawasawa hana neno. Hatari iko kabla ya sufuria: kumchuna ukiwa na mchubuko kidoleni, kung'atwa wakati wa kumtoa mtegoni, na vumbi la mkojo na mavi yake.

Hilo la kinga ndilo tamu. Wengi hudhani mwili wa panya hauvioni virusi. Unaviona vizuri sana! Mpime damu, utakuta kingamwili tele, na bado virusi vimo mapafuni, vinatoka kwa mate, mkojo na mavi. Siri mojawapo ni seli nyeupe ambazo kazi yake ni kutuliza, si kupigana. Wataalamu huziita seli T dhibiti. Zifikirie kama wazee wa baraza: vijana wakishika mapanga, wao husema basi, yaishe. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walizizima seli hizo kwa panya wa kahawia wenye virusi vya Seoul, aina mojawapo ya hanta, na virusi vikapungua mapafuni. Kumbe panya nguvu anazo, ila hazimwagi zote. Mapafu yake yanapona, na virusi navyo vinabaki na pa kukaa. Madume ndio huambukizwa zaidi, maana hawaishi kung'atana.

Sisi hatuna mapatano hayo. Kwetu virusi vyenyewe haviui seli za mishipa midogo ya damu. Ni kinga yetu inayokuja juu kupita kiasi, mishipa ikavuja, mapafu yakajaa maji au figo zikagoma. Virusi vya Sin Nombre, hanta nyingine iliyogunduliwa Marekani mwaka 1993, huua zaidi ya theluthi moja ya wanaougua mapafu.

Lakini mama, usikeshe ukiwaza hanta ya Marekani. Huku kusini mimi naihofia zaidi homa ya mgunda, ile iliyozuka Ruangwa mwaka 2022. Hiyo ni bakteria, si virusi, ila mchezo ni uleule: inajificha kwenye figo za panya, inatoka na mkojo, mwenyewe anadunda tu.

Basi stoo usiifagie kavu. Fungua milango nusu saa, vaa glavu, nyunyiza dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, subiri dakika tano ndipo ufute kwa tambara. Maji ya Newala nayajua shida yake. Ndoo moja itatosha. Ukishikwa na homa na misuli kuuma wiki chache baadaye, mwambie daktari kwamba ulisafisha stoo yenye panya. Usipomwambia, atapima malaria, ataikosa, atakupa panadoli urudi nyumbani.